Mwezi Ulioandama Kabla ya Siku Yake

Ifahamike kwa wakazi wote wa Likoni, na wa ng'ambo ya kivuko pia, kwamba mimi, Nadira binti Mwinyihaji, mwanafunzi wa kidato cha tatu na kiranja mstaafu wa bweni, nimeichukua rasmi kesi ya kifo cha Jael, mke wa Kioko, na sitapumzika mpaka jina la mama yangu ling'ae kama sufuria ya Idi.

Nilitoa tangazo hilo nikiwa nimesimama juu ya kiti cha jikoni, upawa mkononi mfano wa kipaza sauti. Hadhira ilikuwa mama peke yake. Alikuwa ameketi mkekani, sare yake ya uuguzi imekunjwa mapajani. Hakuwa ameivaa tangu asimamishwe kazi.

"Shuka," akasema. "Kiti hicho kina mguu mbovu."

Kabla sijajibu, kiti kikanishusha chenyewe. (Kuhusu kustaafu kwangu ukiranja: nilistaafishwa. Lakini hayo si ya leo.)

Zamani mama angecheka mpaka aegemee ukuta. Siku hiyo aliokota upawa, akauosha, akautundika. Kisha akaenda kumfungulia mlango Inspekta Roseline Oduor.

Inspekta alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya vumbi na sauti ya mtu asiyerudia swali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakizunguka chumba. Aliketi, akafungua kinywa, na papo hapo pakasikika: ngo, ngo, ngo.

"Karibu!" akasema, akageukia mlango.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Ni friji, afande," nikamweleza. "Hubisha hodi. Wageni wote huiitikia."

Baba yangu ndiye fundi wa mafriji wa Likoni nzima. Mganga hajigangi. Friji letu limekuwa likibisha hodi tangu nikiwa darasa la pili, na sisi wenyeji tumeshaacha kulisikia.

Inspekta hakutabasamu, ila alilitazama friji kidogo, kama anayemweka shahidi akilini. Kisha akamgeukia mama.

"Sista Mwanarehema, nielezee hii zamu ya mwezi. Kule ofisini hakuna aliyeweza."

"Hawawezi, maana haiko kwenye ratiba," mama akasema. "Ni yetu wenyewe. Wodi ya wazazi yataka wauguzi sita. Sisi tuko wawili, siku nyingine mmoja. Walioondoka hawakujazwa nafasi. Basi tulipatana: Krismasi na Pasaka sisi Waislamu tunawashikia wenzetu, nao Idi wanatushikia. Na Idi haina tarehe, afande, ina mwezi. Ukiandama, Sista Carolyne anakuja jioni hiyo hiyo. Usipoandama, mimi naendelea."

"Unaendelea vipi?"

"Nakesha hapo mpaka asubuhi."

"Na ulikuwa umeingia lini?"

"Jana yake jioni."

Inspekta alihesabu saa kwa vidole. Nje muuza samaki alipita akipiga mbiu, akaenda zake.

"Nani alikuambia mwezi umeandama?"

"Lilikuja tangazo la msikitini. Mweri, mhudumu wetu, aliletewa kwenye simu. Alipoliwasha wodi nzima ilipiga vigelegele, hata wazazi wa bara ambao hawakujua washangilia nini. Nikampigia Carolyne, akasema anatoka. Nilipompigia tena, akaniambia yuko kivukoni, upande wa kisiwani. Nikampima Jael mara ya mwisho. Alikuwa amejifungua alasiri, salama. Tumbo la uzazi lilikuwa gumu, kama inavyotakiwa, damu ya kawaida tu. Nikampa Mweri ufunguo wa dawa, nikamwambia amwangalie mpaka Carolyne aingie. Nikatoka." Mama aliinua uso. "Hapo ndipo kosa langu, afande. Silikatai. Muuguzi hatoki mpaka mwenzake aingie."

"Kwa nini ulitoka?"

"Miguu. Ilikuwa imevimba, viatu vyanikaza. Na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "nilimwahidi nitamkandia mahamri ya Idi kwa mikono yangu."

Nilipatwa na haja ya ghafla ya kuichunguza dari.

"Ulijua lini kwamba hakuna mwezi?"

"Mume wangu aliporudi kutoka msikitini. Nikaacha unga kwenye bakuli, nikakimbia peku. Nilifika…" Alizikunjua pindo za sare, akazikunja tena. "Nilifika wameshamfunika."

Inspekta alitikisa kichwa polepole. Nikaona kesi inaelekea kusikofaa, basi nikasimama.

"Kwa maoni ya upelelezi wangu, afande, wa kuulizwa ni Sista Carolyne. Alifika kivukoni, akarudi. Mtu harudi kivukoni bure."

"Na wewe ni nani?"

"Wakili wa mshtakiwa."

"Wakili ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita, lakini ya taabu."

"Basi mshikie mshtakiwa mkoba," akasema, akainuka. "Sista, twende wodini. Nataka nione ulipopita."

Mama hakutaka kuingia wodi ile peke yake. Ndiyo maana nilikwenda.

Nilikuwa nimeshafika pale mara nyingi nikiwa mdogo, nikiletwa nikae chini ya meza na vitabu vya rangi. Wakati huo niliona wodi kubwa kama uwanja. Sasa niliona vitanda vimesogezwa hata mtu apite kwa ubavu, na kwenye vitanda kadhaa wanawake wawili wawili, wamelala mmoja kichwani mmoja miguuni. Mwanamke mmoja alikuwa akiita, "Sista! Sista!" na hapakuwa na sista wa kumwitika. Mama alipiga hatua moja kumwelekea. Kisha akakumbuka kwamba amevaa buibui na si sare, akasimama.

Mweri alitukuta kwenye mlango wa stoo, ndoo ya deki mkononi. Ni Mdigo wa Mtongwe, mtu mzima, aliyeanza kazi pale mimi sijazaliwa. Alipomwona mama alitua ndoo, wakashikana mikono, na hakuna aliyeanza kuiachia.

"Mama Mweri," Inspekta akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, "nionyeshe."

"Kitanda kile cha dirishani. Nilikuwa nadeki. Nikamwambia, 'Jael, mwanangu, u hali gani?' Akaniambia, 'Naona baridi, Mama Mweri.' Baridi! Siku yenyewe joto la kufisha kuku. Nikafunua shuka. Damu imejaa godoro. Nikakimbia chumba cha upasuaji. Daktari Phineas yuko ndani na sista wa pekee aliyebaki, mwanamke mwingine yu mezani, tumbo wazi. Akaniambia, 'Mweri, nikimwacha huyu atakufa. Nenda msugue tumbo yule, naja.' Nikamsugua. Wallahi nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Yeye ananishika kanga ananiuliza, 'Sista yuko wapi?' Namwambia yuaja. Yuaja, mwanangu, yuko kivukoni."

"Ufunguo wa dawa ulikuwa nao."

"Hapa, shingoni mwangu. Nilifungua. Vichupa vyote vyafanana! Mimi kazi yangu ni deki na shuka, afande. Ningemdunga nini? Nilisimama pale na ufunguo kama mtu aliyepewa ufunguo wa mbingu asijue mlango."

Hapo Sista Carolyne alitoka nyuma ya pazia, glavu zingali mikononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sasa alikuwa akishika zamu zake na za mama. Nilijiweka tayari. Nilikuwa nimemwandalia Inspekta mshukiwa mzuri kabisa, mvivu, mwenye visingizio.

"Sista Carolyne, ulifika feri, ukarudi. Kwa nini?"

"Nilikuwa kwa foleni ya kuvuka," akasema. "Muuza kahawa alikuwa na redio. Ikatangaza mwezi haujaonekana, kesho watu wanafunga. Nikampigia Mwanarehema. Mteja hapatikani."

"Simu ilikwisha chaji," mama akasema. "Nilikuwa nayo tangu jana yake."

"Nikajiambia, yeye ndiye Muislamu. Kama mimi wa Changamwe nimejua hakuna Idi, yeye si amejua kabla yangu? Lazima amebaki." Alivua glavu moja, akaifumbata ngumini. "Mtoto wangu nilikuwa nimemwacha kwa jirani na homa. Nikarudi. Nililala, afande. Hiyo ndiyo inaniuma. Nililala vizuri."

Mama alimfuata, akamkumbatia. Carolyne aliinamisha kichwa begani kwake, nao wakasimama hivyo katikati ya wodi, huku mwanamke yule akiendelea kuita. Hatimaye Carolyne akajipangusa kwa mkono mtupu, akaenda kumwitikia.

Nilimtazama akiondoka. Nilikuwa nimetia jina lake mdomoni mwa polisi, naye alikuwa akibeba zamu za mama yangu.

"Kwa hiyo," Inspekta akasema, kama anayezungumza na ukuta, "kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake yumo wodini. Na hakika zote mbili zilikuwa na sababu nzuri." Akamgeukia Mweri. "Lile tangazo bado unalo?"

"Sijalifuta. Sina nguvu ya kulifuta."

Mweri aliliwasha. Sauti ya mwadhini wetu, kokoto na asali: ndugu Waislamu, mwezi umeandama, kesho ni Idi. Simu ilikuwa ndogo, wodi ina kelele, na tangazo lenyewe fupi. Inspekta aliomba lirudiwe. Mara ya pili aliisogeza simu sikioni, akafumba macho.

"Jioni ile mvua ilinyesha?"

"Mvua?" Mweri akashangaa. "Tulikuwa twajipepea kwa makatoni!"

"Humu mna mvua," Inspekta akasema. "Kwenye mabati."

Alijitumia tangazo lile kwenye simu yake. Kisha akanitazama.

"Wakili, unaumwa?"

"Ni harufu ya dawa ya deki, afande," nikasema kwa heshima zote.

Tulipotoka tulimkuta Kioko, mume wa Jael, kwenye benchi la kliniki ya watoto. Nilimjua kwa koti la kazi la bandarini, lenye mistari inayong'aa. Alikuwa amempakata mtoto, kamfunga leso kwa namna ambayo mguu mmoja ulikuwa nje na kichwa karibu kimezama. Mama alimwona, akasita, akataka kupita upande wa pili. Kioko akasimama.

"Sista. Mimi sijakuja kugombana."

"Kaka Kioko…"

"Nilisema niende polisi kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Unaenda kwa daktari anasema ni muuguzi. Unaenda kwa muuguzi anasema ni ofisi. Ofisi inasema ni mwezi." Alicheka kicheko kilichokauka. "Mimi sijui mambo ya mwezi. Mimi nilileta bibi yangu akitembea na miguu yake. Sasa kitu naulizia watu ni moja tu. Huyo aliyetangaza mwezi ni nani? Mnionyeshe tu. Nataka nimwulize kama aliuona."

Mtoto alianza kulia kilio chembamba, cha mtu asiyetarajia kujibiwa. Mikono ya mama iliinuka yenyewe, ikasimama hewani.

"Mchukue," Kioko akasema. "Mimi huyu sijui kumfunga."

Mama alimfungua, akamkunja upya, mguu ndani, kichwa nje, akamtuliza kifuani.

"Mwamwitaje?"

"Hana jina bado. Jael ndiye alikuwa nalo. Alisema ataniambia tukifika nyumbani."

Inspekta alitazama chini. Nami, ambaye bweni zima hunijua kwa kuwa na neno la kila tukio, hata mazishi ya paka wa mpishi, nilibeba tu mkoba wa mama.

Inspekta alirudi kwetu keshokutwa yake, mchana. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na nyumba ilikuwa joto na kimya. Mlango wa friji ulikuwa wazi, kitambara chini yake kikinywa maji ya barafu. Mama alikuwa amevaa buibui lake jipya. Alikuwa ameamua.

"Nimekuja tuandike maelezo yako, Sista."

"Andika kwamba ni mimi," mama akasema. "Nilitoka kabla mwenzangu hajaingia. Mengine ya mwezi na redio usiyaweke. Sitaki Carolyne na Mweri wasumbuliwe. Ni mimi niliyetoka."

"Ukisema hivyo tu, kazi hutapata tena. Huenda hata ukafungwa."

"Najua."

"Mimi nimetoka kwa mwadhini," Inspekta akasema, kana kwamba hakusikia. "Amesikiliza. Anasema sauti ni yake na maneno ni yake, lakini ni ya mwaka jana. Mwaka jana aliutangaza mwezi mvua ikinyesha. Mwaka huu jioni ile hakutangaza kitu. Kuna mtu aliyerekodi mwaka jana akiwa ndani ya nyumba, akakata tarehe, akatuma." Aliweka simu mezani. "Nikafuata simu moja hadi nyingine. Mweri aliletewa na mamake Zuleikha. Mamake Zuleikha aliletewa na bintiye. Na Zuleikha anasema amesahau aliyemtumia. Ana ulimi mzito sana huyo msichana. Anasoma wapi?"

"Shule moja na Nadira," mama akasema. "Bweni moja."

"Bweni letu lina wasichana wengi, afande," nikasema. Niliisikia sauti yangu ikitoka na hadhi yake yote, kama bendera kwenye mlingoti usio na shule.

"Ni kweli," Inspekta akasema. "Hebu tusikilize wote. Hapa kuna utulivu."

Akaliwasha.

Kwanza mvua juu ya mabati. Kisha mwadhini kwa mbali, kupitia dirishani: ndugu Waislamu, mwezi umeandama. Na baina ya neno na neno, karibu kabisa, kama mtu aliye chumbani humu humu:

Ngo, ngo, ngo.

Inspekta safari hii hakusema karibu. Aliligeukia friji. Lilikuwa limesimama kinywa wazi, kimya, bila stima.

Mama hakuligeukia. Ameishi na hodi ile miaka yote, na wodini, katika vigelegele, isingemfikia. Sasa ilimfikia. Nilimwona ikimfikia. Aligeuza shingo polepole, akapita friji, akapita Inspekta, akafika kwangu.

"Nadira."

"Abee, mama."

Inspekta alizima simu.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema yote," Inspekta akasema taratibu.

Nilikuwa nimejitungia majibu mengi tangu siku ile, mengine yana aya na hitimisho. Yote yalinikimbia, ukabaki ukweli, nao ulikuwa mdogo kama harage.

"Zuleikha alijigamba kwamba hina yake ya Idi itaishinda yangu. Nilitaka akimbilie kupakwa jioni ile, halafu kesho yake ashinde na saumu na mikono ya bibi harusi. Nilimtumia yeye tu. Sikujua atampa mamake. Niliposikia fataki zinapigwa mtaani nikafuta kwangu. Nilidhani ukifuta, imefutika."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa mzaha wangu wa kwanza kueleweka na kila mtu.

"Nitaandika kwamba wodi ya watu sita ilikuwa na mmoja," Inspekta akasema. "Na kwamba haijalindwa na kitu ila ahadi za wanawake waliochoka. Wakubwa watalisoma hilo wakitaka wasitake. Lakini na hili lako nitaliandika, Nadira. Na kwa Kioko utakwenda mwenyewe. Ana swali lako."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikimtazama mama. Alikuwa akitazama miguu yake, ambayo mpaka leo viatu vyake vya zamani haviingii.

"Jioni ile nilipofika nyumbani," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, laiti ingekuwa nayo, "nikakaa hapa nikakanda unga. Wewe ulikuwa umekaa pale. Ulikuwa unajua hakuna mwezi?"

"Nilikuwa najua."

"Ungeniambia ningerudi wodini. Ningewahi, mwanangu. Ningemkuta ana baridi tu. Kwa nini hukuniambia?"

Nami nikaitazama miguu ile.

"Ulikuwa umeshavua viatu," nikasema. "Ulikuwa unaimba."